Kununua hisa kwenye kitalu cha dhahabu ya mtoni ukiwa Arusha au Moshi: hatua kwa hatua

Swali huja kwa sura moja kila mara. Mtu yuko Sakina au Njiro, au Moshi mjini, ameletewa nakala ya leseni ya kitalu kando ya mto huko Chunya, mkoani Mbeya. Anaambiwa asilimia 10 ni milioni 8, na kwamba kuna mtu wa Mwanza anaitaka kwa hiyo awahi. Anauliza: niingie?

Jibu halimo kwenye ile nakala. Kitalu cha mtoni ni vitu vitatu vilivyofungwa kwenye bahasha moja: leseni, ruhusa ya kutumia ardhi na maji, na dhahabu yenyewe iliyo chini ya kokoto. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havikusaidii. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa gharama, za bure zikitangulia. Nyingi ya ofa hizi hufia kwenye hatua mbili za kwanza, kabla hujakata tiketi ya basi.

Jambo moja kwa wenyeji wa huku kaskazini. Tumezoea hesabu ya Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite: unalisha vijana shimoni mwaka, miwili, mitatu, siku mgodi ukitema unasahau yote. Dhahabu ya mtoni haitemi. Ni vumbi lililotawanyika kwenye mchanga na kokoto, na kinacholipa ni idadi ya ndoo unazoosha kwa siku ukizidisha na chembe zilizomo. Ukiingia na matumaini ya kutema utavumilia hasara miaka mingi ukidhani bahati iko njiani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Karatasi: nakala ya leseni yote (si ukurasa wa mbele tu), kitambulisho cha NIDA cha muuzaji, namba ya TIN, stakabadhi za ada ya mwaka za miaka yote ambayo leseni imekuwa hai, na kama mmiliki ni kampuni, cheti cha usajili na katiba yake.

Watu: wakili wako mwenyewe. Wakili aliyekuja na muuzaji ni wa muuzaji, hata akikuita ndugu.

Vifaa vya kupimia kitaluni:
- karai la kuoshea dhahabu, jipya, ulilonunua wewe
- ndoo mbili za lita 20, sululu na sepetu
- chekecheo chenye matundu ya milimita 5 hivi
- mwalo (mfereji wa kuoshea kokoto kwa maji) mdogo wa mbao wa mita 1.2 hadi 1.5, na kipande cha zulia jipya cha kutandika ndani
- sumaku, sindano, chupa ndogo zenye vifuniko, kalamu isiyofutika
- mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01, ya 0.001 ni bora zaidi
- simu yenye programu ya GPS, na kamba ya mita 50

Fedha ya uchunguzi: nauli, malazi, bodaboda, vibarua wa kuchimba mashimo kwa siku tano au sita. Iweke pembeni na uihesabu kama imeshatumika. Anayeona uchungu wa kutumia laki kadhaa kuchunguza ndiye hupoteza milioni.

Hatua ya 1: Uliza “asilimia 10 ya nini?”

Neno hisa machimboni lina maana tatu, na muuzaji hutumia ile inayompendeza siku hiyo.

Ya kwanza ni hisa za kampuni inayomiliki leseni. Hizi zinaandikwa kwenye daftari la wanahisa na BRELA (wakala wa serikali wa kusajili kampuni), na ukishaandikwa humo kukuondoa kunahitaji saini yako au mahakama.

Ya pili ni kuingizwa jina kwenye leseni yenyewe kama mmiliki mwenza. Mabadiliko hayo hayana nguvu mpaka yasajiliwe Tume ya Madini.

Ya tatu, na hii ndiyo inayouzwa zaidi vijiweni, ni mkataba wa mgao: unatoa pesa ya pampu, mafuta na chakula, unapewa sehemu ya kitakachopatikana. Hapo hujanunua kitalu. Umemkopesha mtu, na deni lako linalipwa na mto. Si lazima iwe mbaya, lakini bei yake haiwezi kuwa sawa na ya umiliki.

Kisha uliza: mgao ni kabla ya gharama au baada ya gharama? Asilimia 5 kabla ya gharama mara nyingi ina thamani kuliko asilimia 20 baada ya gharama, kwa sababu gharama huandikwa na aliyeko kule, nawe uko Arusha.

Hatua ya 2: Kagua leseni ukiwa mezani kwako

Wachimbaji wadogo hutumia leseni ya PML, yaani leseni ya uchimbaji mdogo. Inatolewa chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, hudumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Kwa dhahabu eneo lake halizidi hekta 10. Ni ya Watanzania pekee, au kampuni inayomilikiwa na Watanzania watupu. Kwa Arusha hili ni la kuangaliwa, maana wengi wana rafiki, mwenza au mshirika wa kigeni anayetaka kuchangia. Mgeni hawezi kuwa mwanahisa humo. Akiingizwa kwa jina la kuazima, leseni yote inakuwa hatarini pamoja na fedha yako halali.

Fungua ramani ya leseni ya Tume ya Madini mtandaoni. Iko wazi kwa kila mtu. Tafuta kwa namba ya leseni, kisha linganisha:
- jina la mmiliki kwenye ramani na jina la anayekuuzia
- tarehe ya mwisho ya leseni. Iliyobakiza miezi 14 si bidhaa sawa na iliyobakiza miaka 6
- aina ya madini iliyoandikwa
- umbo la kitalu na mahali mto unapopita

Baada ya hapo nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi. Zipo Arusha na Moshi, lakini faili la kitalu cha Chunya liko Chunya, kwa hiyo tarajia kuelekezwa huko. Uliza mambo mawili: ada ya mwaka imelipwa hadi lini, na je, kuna hati ya makosa iliyowahi kutolewa kwa leseni hii? Hati ya makosa isiyojibiwa kwa wakati huishia kwenye kufutwa kwa leseni. Stakabadhi za ada zikaguliwe kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa muhuri. Muhuri huchongwa popote.

Kama mmiliki ni kampuni, fanya upekuzi BRELA uone wanahisa ni nani leo, na kama kuna mkopo uliowekewa dhamana. Kama mmiliki ni mtu binafsi aliyefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Mtoto mkubwa wa marehemu pekee hatoshi, hata kama ukoo mzima unamtambua.

Hatua ya 3: Kagua mto kwa macho ya sheria

Hapa ndipo kitalu cha mtoni kinapotofautiana na cha mlimani, na wauzaji wengi hawagusi kabisa.

Leseni ya madini haikupi ardhi ya juu wala maji. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Chukua kalamu. Hekta 10 zikiwa mraba, kila upande ni kama mita 316. Mto ukipita katikati, mita 60 kila upande ni ukanda wa mita 120, bila kuhesabu upana wa mto wenyewe. Zidisha kwa 316: karibu hekta 4 kati ya 10 ziko ndani ya ukanda wa ulinzi, na mara nyingi ndizo zenye kokoto nzuri.

Kwa hiyo muuzaji akisema mpango ni kuweka mashine ya kunyonya mchanga katikati ya maji, muulize akuonyeshe kibali kwa maandishi. Maji ya mito husimamiwa na bodi za maji za mabonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Huku kwetu tunaijua Bodi ya Bonde la Pangani iliyoko Moshi; mto Lupa wa huko Chunya humwaga Ziwa Rukwa, kwa hiyo anayehusika ni Bodi ya Bonde la Ziwa Rukwa. Unahitaji kuona vibali viwili: cha kutumia maji, na cha kuyarudisha mtoni yakiwa machafu. Pia mchimbaji wa PML anatakiwa awe na mpango wa utunzaji wa mazingira. Omba nakala, uusome, uone kama unataja mto au umenakiliwa kutoka mgodi wa mwambani.

Kitalu ambacho dhahabu yake iko kwenye mitaro ya zamani ya mto, yaani kokoto zilizoachwa mbali na maji ya leo, ni salama zaidi kisheria na ni rahisi kuchimba. Ukipewa kuchagua kati ya hicho na cha ndani ya maji, chukua cha nchi kavu hata kama sampuli yake ni hafifu kidogo.

Uliza pia kama eneo liko ndani ya hifadhi ya msitu. Likiwa humo, ridhaa ya mwenye msitu ni jambo jingine linalosimama peke yake.

Hatua ya 4: Nenda, na uende majira sahihi

Kutoka Arusha hadi Mbeya kupitia Dodoma na Iringa ni zaidi ya kilomita 1,000. Mbeya hadi Chunya ni kama kilomita 70 za lami, kisha vumbi, kisha bodaboda. Nenda Septemba au Oktoba maji yakiwa chini, kokoto zionekane. Mvua za kule ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, si mbili kama za Arusha na Moshi. Uliza wenyeji maji hufika wapi Februari. Watakuonyesha takataka zilizonasa kwenye matawi ya miti. Kama takataka ziko juu ya kichwa chako na kambi iko chini yake, umejua miezi ambayo kitalu hakifanyi kazi.

Anza kwa mtendaji wa kijiji, si kwa kambi. Uliza nani analima kandokando ya mto, kama walilipwa fidia, na kama kuna mgogoro.

Hatua ya 5: Tafuta bikoni (alama za mipaka ya kitalu) kwa GPS, ukijua mtego wake

Kosa hili limeshapeleka watu kuchimba kwa jirani. Vipimo vya leseni nyingi za Tanzania viko kwenye mfumo wa ramani wa Arc 1960. Simu yako husoma WGS84. Ukiingiza namba za leseni kwenye simu bila kubadilisha mfumo, unatua takriban mita 300 kutoka mahali halisi. Kwa kitalu chenye upande wa mita 316, hiyo ni sawa na kukiruka chote.

Angalia leseni imeandika mfumo gani, kisha badilisha mpangilio wa programu au mtafute mpima. Tembea pembe zote nne, piga picha ya kila bikoni ikionyesha vipimo kwenye skrini. Pembe ikikosa bikoni, iandike. Ukikuta mashimo mabichi au kambi ya watu wengine ndani ya mipaka, usibishane nao; uliza kwa upole wapo tangu lini na wanamlipa nani.

Hatua ya 6: Pima dhahabu mwenyewe

Siku hizi tano au sita ndizo zenye thamani kuliko safari nzima. Pata ruhusa ya mmiliki kwa maandishi kwanza.

a) Chagua mahali wewe. Vuta kamba kukatisha bonde, mistari mitatu iliyoachana kama mita 100, kila mstari mashimo manne. Jumla 12. Ukikubali kupima “pale ambapo vijana walipata juzi”, unapima kumbukumbu ya vijana.

b) Chimba mpaka mwamba wa chini. Dhahabu ni nzito mara saba hivi ya mchanga wa kawaida, huzama hadi ikutane na kitu kigumu. Sentimita 30 za juu hazisemi lolote. Shimo la kokoto halisimami: likizidi kina cha kifua, panua mdomo wake kwa mteremko, na asiingie mtu ndani ya shimo lililonyooka wima. Kokoto zenye maji huporomoka bila kutoa sauti.

c) Pima kina cha udongo wa juu usio na kitu, na unene wa kokoto zenye dhahabu, kila kimoja peke yake. Andika.

d) Kabla ya kuosha sampuli ya kwanza, chukua ndoo ya mchanga wa barabarani, mbali na mto, uipitishe kwenye mwalo, zulia na karai. Ikitoka chembe hata moja ya dhahabu, vifaa vimechezewa. Ndiyo sababu ya kuja na zulia lako. Zulia la kambi lililotumika mwezi mzima linaweza kukupa dhahabu bila kokoto zozote.

e) Kutoka kila shimo chukua ndoo 6 za lita 20 zilizojaa sawasawa, kutoka juu hadi chini ya tabaka la kokoto, si kutoka kona iliyo nyekundu tu. Chekecha, osha polepole, malizia kwenye karai. Ondoa mchanga mweusi kwa sumaku baada ya kukausha. Usitumie zebaki: sampuli ya ndoo 6 haiihitaji, na mvuke wake ukiuchoma huharibu mishipa ya fahamu yako na ya aliyekaa upande wa upepo.

f) Hakikisha ni dhahabu. Kinga karai kivulini: dhahabu inabaki na rangi yake, ulanga huzimika. Bonyeza chembe kwa sindano: dhahabu hukunjika, dhahabu bandia ya mawe huvunjika. Tazama umbo pia. Chembe za mtoni zimegongwa na kusuguliwa hadi zikawa bapa na laini pembeni. Ukiona vipande vyenye ncha kali na mikwaruzo inayong'aa, hiyo ni tupa ya sonara imepita hapo.

g) Pima na uweke kwenye chupa yenye namba ya shimo. Chupa zikae mfukoni mwako usiku kucha.

Sasa hesabu. Ndoo 6 ni mita za ujazo 0.12 za kokoto zilizolegezwa. Kama shimo limetoa gramu 0.02, gawanya: 0.02 kwa 0.12 ni karibu gramu 0.17 kwa kila mita ya ujazo. Fanya hivyo kwa mashimo yote, pamoja na yaliyotoa sifuri, kisha tafuta wastani. Shimo moja likitoa kipande cha gramu 0.3, wastani wake peke yake utaruka hadi gramu 2.5 na kila mtu kambini atashangilia. Fanya hesabu mbili, yenye kile kipande na isiyo nacho. Nunua kwa bei ya ile isiyo nacho.

Hatua ya 7: Geuza gramu kuwa shilingi zako

Mfano, kwa bei ya kurahisisha ya shilingi 250,000 kwa gramu ya dhahabu safi. Wewe chukua bei elekezi ya Tume ya Madini ya wiki hiyo.

Vijana wanne na pampu moja ya inchi 3 wanaosha mita za ujazo 6 kwa siku. Mara 0.17 ni gramu 1.02. Mwalo wa kawaida hukamata labda asilimia 70, chembe laini zaidi huondoka na maji: zinabaki gramu 0.71. Usafi tuseme asilimia 90: 0.64. Hiyo ni kama shilingi 160,000. Toa mrabaha (malipo ya serikali kwenye madini yanayouzwa), tuseme asilimia 6, ada ya ukaguzi tuseme asilimia 1 na ushuru wa huduma wa halmashauri tuseme asilimia 0.3, unabaki na kama 148,000. Viwango hivi hubadilika kwenye bajeti ya Juni na hutegemea unakouza, kwa hiyo viulizie upya.

Gharama za siku: mafuta lita 12 kwa 3,000 ni 36,000; vibarua wanne kwa 15,000 ni 60,000; pampu, mipira ya maji na matengenezo 20,000. Jumla 116,000. Kimebaki 32,000. Asilimia 10 yako baada ya gharama ni 3,200 kwa siku. Kwa siku 200 za kazi ni 640,000 kwa mwaka.

Uliombwa milioni 8. Zitarudi baada ya miaka 12 na nusu, na leseni ni ya miaka 7.

Usisahau udongo wa juu. Kama kuna mita 3 za udongo juu ya nusu mita ya kokoto, unahamisha mita 3 na nusu ili uoshe nusu. Hesabu ya hapo juu haina hata senti ya kazi hiyo. Na muuzaji akikwambia mashine kubwa ndiyo itakayobadilisha hesabu, mwambie arudie na mafuta ya mashine kubwa.

Hatua ya 8: Mkataba

Wakili wako ndiye aandike. Mambo yasiyokosekana:
- hisa ni ya aina gani kati ya zile tatu, na mgao ni kabla au baada ya gharama
- orodha kamili ya gharama zinazoruhusiwa kukatwa. Isiyo kwenye orodha hailipwi na mgao wako
- mtaji wa nyongeza: ukiombwa pesa tena na ukakosa, asilimia yako inapungua kwa kanuni gani
- stakabadhi za mauzo kutoka soko la madini zitumwe kwako ndani ya siku 3, zikiwa na uzito na usafi
- nani analipa ada ya mwaka, na una haki ya kuilipa mwenyewe ukaikata kwenye mgao wake
- muuzaji hawezi kuuza au kukodisha kitalu bila saini yako
- ridhaa ya mke au mume wa muuzaji, kwa saini

Mgao wako upokee kwa fedha kupitia benki. Usikubali kuletewa dhahabu Arusha kwenye kibahasha: dhahabu huuzwa kwenye masoko ya madini na vituo vya ununuzi, na kusafiri nayo bila nyaraka ni kosa hata kama ni yako halali.

Hatua ya 9: Lipa kwa vipande, kila kipande kwa tukio

Mfano unaofaa: asilimia 20 siku ya kusaini, asilimia 60 jina lako likishaonekana BRELA au Tume ya Madini, asilimia 20 baada ya bikoni zinazokosekana kuwekwa. Fedha ikae kwa wakili hadi tukio litimie. Kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu vimalizwe TRA kabla ya kipande cha pili. Andikeni nani anabeba kipi. Kutuma kwa simu laki tano tano “za kusukuma faili” ni kujinyima ushahidi.

Makosa yanayojirudia

Kununua kwa kuangalia video. Video ya karai linalong'aa haionyeshi zilioshwa ndoo ngapi.

Kuamini vipimo vya maabara bila kuuliza sampuli ilibebwa na nani. Maabara hupima ilicholetewa.

Kununua kitalu kilichokwisha. Lupa imechimbwa tangu kabla ya Uhuru; ukiona vilima vidogo vya kokoto zilizooshwa, vimeota miti mikubwa, mto umeshapinduliwa na watu waliotangulia. Kilichobaki ni marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Marudio yanaweza kulipa, ila kwa bei ya marudio.

Kuweka ndugu asimamie kambi kwa sababu ni ndugu. Anayefaa ni anayejua kufunga mwalo na kuandika daftari.

Ukikwama

*Muuzaji hataki twende Tume ya Madini pamoja.* Acha. Hakuna sababu nzuri ya kukataa.

*Ramani inaonyesha jina tofauti.* Huenda aliyenayo alinunua kwa mkataba wa pembeni bila kusajili. Aende akasajili kwanza, kwa gharama yake, ndipo mzungumze.

*Vitalu viwili vinapishana kwenye ramani.* Usitatue wewe. Iandikie ofisi ya Afisa Madini Mkazi, usubiri jibu la maandishi.

*Mashimo 9 kati ya 12 yametoa sifuri.* Hiyo ni habari kamili. Kama matatu yaliyotoa yako mstari mmoja, huenda kuna mtaro mmoja mwembamba wa zamani. Ongeza mashimo 4 kuufuata. Kama yametawanyika, rudi nyumbani.

*Sampuli ilikuwa nzuri lakini uzalishaji ni nusu yake.* Kagua mwalo kabla ya kumshuku mtu. Osha tena ndoo 5 za mchanga uliotoka mwishoni mwa mwalo. Zikitoa dhahabu, maji ni ya kasi mno, mteremko ni mkali, au zulia halifuliwi vya kutosha. Zisipotoa, sasa angalia stakabadhi za soko na daftari la mafuta: pampu iliyokunywa lita 12 kila siku haikulala.

*Nimelipa yote, jina halijabadilishwa.* Wakili aandike barua ya madai yenye siku za mwisho, nakala kwa Afisa Madini Mkazi, ukiambatisha mkataba na risiti za benki. Angalia ramani kila wiki uone kama leseni inahamishwa kwa mtu mwingine.

*Leseni inaisha mwaka huu na mmiliki hapokei simu.* Kama jina lako liko kwenye leseni au kampuni, nenda mwenyewe kuulizia taratibu za kuhuisha kabla tarehe haijapita. Kama una mkataba wa mgao tu, huna cha kuhuisha; dai lako ni kwa mmiliki, na kitalu kikiachwa wazi mwingine anaweza kukiomba hata kabla hujafika Mbeya.